Kabla hujapandisha Subaru yako kwenye daino: hewa ya Nairobi, petroli yetu na ramani iliyoandikwa Japani

Habari zenu wadau. Asanteni kwa kuja mapema hivi na ni Jumapili, wengine naona mmetoka Nakuru na mmoja ametoka Eldoret kabisa, karibuni sana. Nimeombwa niongee kidogo kuhusu kutyuni, yaani kurekebisha kompyuta ya injini, kwa daino, ile mashine ya rola inayopima nguvu ya gari, kabla hatujawasha ile gari nyeupe iko pale juu ya rola, na ndio nisipotee nitaongea kuhusu gari moja tu, Impreza WRX STI ya kuanzia 2000 hadi 2007, ile wanaiita GDB kwa kodi ya bodi, ya soko la Japani, injini EJ207, ikiwa bado stoki. Tabo inayosukuma hewa kwenye injini ni ya kiwandani, intakula inayopoza hiyo hewa ni ya kiwandani, pistoni za kiwandani. Mwenye Forester ama Legacy pia asikilize, mambo mengi ni yale yale.

Kitu ya kwanza kila mtu anauliza akinipigia simu ni itatoa hosipawa ngapi. Hajaniambia oili alibadilisha lini, hajaniambia anaweka petroli gani, ni hosipawa tu. Sasa nataka leo tuondoke hapa tukiwa tumeelewana kwamba kwa gari ya umri huu, ikiwa stoki, hosipawa ndio kitu ya mwisho unanunua kwenye daino. Unachonunua ni ramani, yaani zile namba kompyuta ya injini inafuata, inayolingana na hewa unayopumua hapa na petroli unayoweka hapa, na kujua injini yako iko na afya gani kabla haijakufia barabarani.

Na hiyo namba yenyewe haijawahi kuwa na maana kubwa kwa hizi gari. Japani kuanzia 1989 kampuni za magari zilikuwa na makubaliano ya kiungwana kwamba hakuna atakayetangaza zaidi ya 280, na hayo makubaliano yalidumu mpaka 2004. Kwa hivyo angalia karatasi za STI, miaka yote hiyo inasoma 280, mwaka ukibadilika 280, sura ya gari ikibadilika 280, lakini torki, ile nguvu ya kuzungusha, wakaipandisha kimyakimya kutoka Nm 373 ya mwanzo hadi Nm 422 za zile za mwisho. Aliyekuwa anasoma hosipawa peke yake aliona gari ile ile, aliyeiendesha alijua si gari ile ile.

Sasa twende ndani ya kompyuta. Kompyuta ya injini haina uchawi, ni meza za namba tu. Safu moja ni mizunguko ya injini, ingine ni kiasi cha hewa inayoingia kila mzunguko, na pale zinapokutana kuna namba inasema cheche ipigwe digrii ngapi kabla pistoni haijafika juu. Meza ingine inasema petroli kiasi gani, ingine inasema tabo isukume busti, yaani shinikizo la ziada la hewa, kiasi gani. Mainjinia wa Subaru walikaa miezi na miezi wakiandika hizo namba, na waliziandika vizuri sana, mimi nawaheshimu, lakini waliziandikia Japani. Kule mwenye STI anaweka petroli ya juu ambayo kiwango chao kinasema oktani isishuke chini ya 96 na kwenye vituo vingi inauzwa kama 100. Huku kwetu super kwa miaka mingi imekuwa ya kiwango cha 93. Gari ikaingia nchini ikiwa na miaka saba kwa sababu sheria haikubali ipite minane, ikatolewa bandarini Mombasa, ikawekewa super kituo cha kwanza, na kwa ile kompyuta hakuna mtu aliiambia kwamba dunia imebadilika.

Oktani ni uwezo wa petroli kuvumilia kubanwa bila kujilipukia. Cheche ikipiga, moto unatakiwa utembee taratibu kutoka kwa plagi mpaka ukutani. Petroli ikiwa dhaifu na shinikizo na joto viko juu, ile sehemu ambayo moto haujaifikia inajilipukia yenyewe, mawimbi yanagongana ndani ya silinda, na hiyo ndio noki. Haihitaji kusikika ndio iharibu. Kwa mwendo wa kasi na ekzosi ikilia huwezi kuisikia hata kidogo, na ndio wakati inavunja yale matuta madogo yanayoshika ringi za pistoni. Halafu mtu anasema Subaru ni mbovu.

Kompyuta ya Subaru iko na njia nzuri sana ya kujilinda na nataka kila mmoja wenu aijue. Kuna sensa imefungwa kwenye bloku inasikiliza mtetemo. Ikisikia noki, inarudisha taimingi, yaani zile digrii za cheche, nyuma pale pale, halafu inaandika kumbukumbu kwamba kwenye hii sehemu ya mizunguko na mzigo tumewahi kuumia. Na juu ya hiyo kuna kitu inaitwa IAM, ni kizidishi, kwa kompyuta za mwanzo juu kabisa ni 16 na kwa za baadaye ni 1. Ikiwa juu, kompyuta inaamini petroli ni nzuri na inatumia taimingi yote iliyoandikiwa. Noki ikizidi inashusha, inashusha, na gari inakuwa nzito. Ukichomeka kebo chini ya dashibodi na laptopi yako, dakika mbili unajua gari inajisikiaje. STI ambayo haijaguswa, inayokunywa super ya kawaida hapa Nairobi, mara nyingi utaikuta IAM imeshuka na kumbukumbu imejaa digrii za taimingi zilizotolewa. Mwenyewe anakwambia gari iko sawa tu siku hizi haina ile kasi ya zamani. Haiko sawa, inajizuia isife.

Wenzetu Uingereza walipitia haya haya walipoanza kuleta STI za Japani, petroli yao nzuri ni ya 97 ama 99 na bado ikabidi wajifunze kutyuni upya zile za kutoka Japani. Sasa kama wao na 97 walilazimika, sisi na 93 tunasema tutangoja nini?

Naomba nikae kidogo kwa hewa, kwa sababu hii ndio sehemu watu wetu hawaambiwi na mafundi wengine hawataki kuiongelea. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya bahari. Shinikizo la hewa Mombasa ni karibu kPa 101, hapa ni kama 83. Gari isiyo na tabo inapoteza karibu moja ya tano ya nguvu kwa sababu hiyo peke yake, hakuna fundi ataileta hiyo nguvu kwa laptopi. Tabo inaweza kufidia lakini kwa gharama. Tuchukue mfano wa busti ya bar 1.2 kule Mombasa, na bar 1 ni kPa 100. Ukijumlisha na hewa ya kawaida unapata kama 2.2, maana yake tabo imezidisha hewa mara 2 na kitu kidogo, kama 2.17. Ukitaka ile ile 2.2 hapa Nairobi unaanzia 0.83, tabo inabidi izidishe mara 2.65, na geji yako itasoma karibu 1.4. Tabo inazunguka kwa kasi zaidi, hewa inatoka ikiwa moto zaidi, intakula inafanya kazi na hewa nyepesi, na hewa moto ndio chakula cha noki. Mainjinia wa Subaru walilijua hili, ndani ya ramani ya kiwandani kuna meza inayopunguza busti gari ikipanda mlima, kulinda tabo. Kuna mafundi wanaifuta hiyo meza ndio geji isome vizuri mwenye gari afurahi. Usikubali. Muulize fundi wako kabla hajaanza, ile meza ya shinikizo la hewa utaifanya nini, na akikosa jibu chukua funguo zako.

Na hewa hii hii ndio inafanya ile karatasi ya daino iwadanganye. Mashine nyingi zinatumia hesabu ya kusahihisha, yaani zinasema kama hii gari ingekuwa karibu na usawa wa bahari ingetoa ngapi. Hiyo hesabu ilitengenezewa injini inayovuta hewa yenyewe, na kwa shinikizo la Nairobi inaongeza zaidi ya asilimia 20. Kwa gari ya tabo ambayo tayari imefidia sehemu kubwa ya hewa iliyokosekana, hizo ni namba za bure. Gari imetoa 220 kwenye magurudumu, karatasi inasoma 270, mtu anaipiga picha anaipeleka kwa grupu la WhatsApp na wengine wanaanza kujiuliza gari zao ziko na shida gani. Mwambieni opereta aonyeshe namba bila kusahihisha na awaandikie joto la hewa na shinikizo la siku hiyo. Kisha linganisha gari yako na gari yako yenyewe, kabla na baada, siku moja, mashine moja, gia ile ile. Hiyo tofauti ndio ukweli.

Mashine pia uiangalie. STI inasukuma magurudumu yote 4 na katikati kuna difu, kwa hivyo rola za mbele na za nyuma lazima ziwe zimeunganishwa ama zinalingana mwendo, la sivyo difu ya katikati inachemka. Na kwa kutyuni unataka daino yenye breki, inayoweza kushikilia injini kwenye mizunguko 3,000 na mzigo fulani ikae hapo fundi aandike, sio ile ya kuzungusha rola nzito mara moja ikatoa grafu basi. Hiyo ya grafu ni sawa kwa kupima lakini kwa kutyuni sehemu za katikati, zile unazoendeshea kila siku Thika Road, haikusaidii sana.

Kabla ya yote hayo gari iwe nzima. Hapa mtanisamehe nikiwa mkali. Mimi gari ikifika naangalia oili kwanza, EJ inakunywa oili na ikipungua beringi za kranki ndizo zinaumia. Napima kompresheni, silinda zote 4 zilingane. Napuliza moshi kwenye mipira ya intakula kuona kama kuna inayovuja, na kwa gari ya miaka 20 karibu kila mara iko moja. Plagi, koili, sensa ya hewa iliyochafuka kwa sababu mtu aliweka filta ya kupaka oili akaipaka kama mandazi. Pampu ya petroli iliyochoka. Ukityuni gari inayovuja hewa umetyuni ule uvujaji, siku mpira ukibadilishwa ramani yako yote ni ya uongo. Kuna watu nimewarudisha nyumbani na wakakasirika, na ningewarudisha tena.

Ikiwa nzima, kazi yenyewe inaenda hivi. Gari inafungwa mikanda vizuri, feni kubwa mbele, sensa ya oksijeni ya waidibendi, inayosoma mchanganyiko wa hewa na petroli kwa upana zaidi, kwenye ekzosi kwa sababu ile ya gari haiaminiki petroli ikiwa nyingi. Kwa hizi gari za zamani kuna vichomeo viwili vya kijani chini ya dashibodi vinaunganishwa ndio kompyuta ikubali kuandikwa. Tunasoma ramani ya kiwandani na tunaihifadhi bila kuigusa, na kopi moja unapewa wewe, ni ya kwako, ulinunua gari. Siku hizi programu za kusoma na kuhariri kama EcuFlash na RomRaider ziko wazi kwa kila mtu na kebo ni moja tu, kwa hivyo fundi asiwaambie kuna siri hawezi kuwaonyesha.

Halafu tunaanza chini, na hapa ndio muda mwingi unaenda. Mzigo mdogo, tunalinganisha sensa ya hewa na petroli inayoingia mpaka marekebisho ya kompyuta yabaki ndani ya asilimia 5 huku na huku. Hakuna mtu anapiga video hii sehemu, ni gari inanguruma tu kwa mwendo mmoja na fundi anaangalia skrini, lakini ndio inafanya gari isikatekate ukiwa kwa jam na ndio inarudisha matumizi ya petroli.

Baadaye ndio tunapiga pulu za gia ya nne, yaani kukanyaga mafuta mpaka mwisho injini ipande kutoka mizunguko ya chini hadi juu. Ya kwanza busti chini na taimingi imerudishwa nyuma kwa makusudi. Masikioni mimi naweka hedifoni zilizounganishwa na bloku, kwa sababu sensa ya gari wakati mwingine inasikia kelele za injini ya zamani ikadhani ni noki, na wakati mwingine inapitwa. Noki yenyewe kwa hedifoni inasikika kama kokoto zinagonga bati, ukishaisikia huisahau. Mchanganyiko chini ya busti kamili ramani ya kiwandani inamwaga petroli nyingi, inaelekea 10 ya hewa kwa 1 ya petroli na kuteremka, kwa ajili ya kupoza. Tunaileta taratibu kwenye 11 na kidogo. Kisha tunaongeza taimingi digrii moja, pulu, tunaangalia. Torki imepanda? Tunaendelea. Torki imesimama? Tunarudi, hakuna faida ya kukaa hapo. Kwa 93 mara nyingi noki inakuja kabla torki haijasimama, na inakuja kati ya 3,500 na 4,500 pale tabo imejaa na silinda ina shinikizo kubwa kuliko mahali popote. Skrini inaandika kompyuta imetoa digrii 1.4. Hiyo ni kompyuta inakwambia basi, na mimi sibishani nayo, natoa digrii 2 hapo na naiacha na nafasi ya siku ya jua kali na petroli mbaya. Juu kwa 7,000 na kuendelea tabo za stoki zinaishiwa pumzi, kusukuma busti pale ni kupasha hewa moto tu, kwa hivyo tunaiacha ishuke polepole yenyewe.

Mwisho wa siku grafu ya gari stoki haitishi. Pale juu pengine umeongeza kidogo tu. Lakini angalia katikati, tabo inaamka mapema, mstari umenyooka hauna yale mabonde ya kompyuta kurudisha taimingi, IAM iko juu na inakaa juu. Ukipanda Limuru kutoka Mai Mahiu ukiwa na watu wanne na mizigo utaisikia kwa mguu bila kuambiwa na karatasi. Hiyo ndio raha ya hii gari, na ndio ilifanya watu wakaipenda tangu madereva wa Subaru washinde Safari Rally na Impreza, McRae 1997 na Burns 2000, gari inavuta wakati unaihitaji, kwa vumbi na kwa matope.

Kuna mambo mawili yananiuma niyaseme wazi. Moja ni kubadilisha ekzosi na kuendelea kuendesha. Mtu anatoa katalisti, kile kisafisha moshi ndani ya ekzosi, anaweka paipu pana, sauti imekuwa tamu, anaenda nyumbani. Tabo sasa haina kizuizi, busti inapita ile kompyuta iliyopanga, hewa inaingia nyingi kuliko meza zinavyojua, na kwa 93. Bahati yako ni kompyuta ikikata petroli ghafla gari ikagonga kama umepigwa teke, hiyo ni kinga. Usipokuwa na bahati haikati. Ekzosi na ramani vinaenda pamoja siku moja, huna pesa ya vyote viwili ngoja.

La pili ni faili za kutumiana. Rafiki yako ana GDB, umemwona anakimbia, anakutumia faili yake kwa Telegram unaiandika kwa gari yako. Yeye sensa yake ya hewa imekaa vipi, injekta zake zimechoka kiasi gani, gari yake ni ya mwaka gani, tabo ipi? Mnafanana rangi na jina tu. Kijana mdogo ameweka akiba miaka akanunua hii gari, halafu injini inakufa ndani ya wiki moja kwa sababu ya faili ya bure. Inauma sana kuona, na injini ya EJ207 nzima siku hizi si kitu unapata kwenye maduka ya vipuri ya Kirinyaga Road kirahisi, nyingi zinazouzwa hujui zimepitia nini.

Ukishatyuniwa, usiondoke tu. Rudi baada ya wiki kadhaa na kumbukumbu za barabarani, joto la kweli, foleni ya kweli. Ukipanga kwenda Mombasa mwambie fundi mapema. Unashuka karibu kilomita 480 mpaka hewa nzito yenye joto na unyevu, busti iliyopangwa kwa Nairobi itafanya kitu tofauti kule, na ramani nzuri inaandikwa ikijua kwamba siku moja utashuka Mariakani. Wa Eldoret kinyume chake, uko juu zaidi yetu, tabo yako inateseka zaidi. Petroli chagua kituo kimoja unachokiamini. Serikali iliweka ushuru kwa mafuta ya taa 2018 kuzuia kuchanganywa, lakini mchanganyiko bado unapatikana na mafuta ya taa yanashusha oktani vibaya sana. Ukijaza mahali hupajui, endesha polepole na uangalie IAM kabla hujakanyaga. Kuna vifaa vidogo vya kuchomeka na simu vinaonyesha, tafuta kinachosoma namba za Subaru zenyewe, sio vile vya kusoma kodi za hitilafu za kawaida peke yake.

Naona mkono pale nyuma. Anauliza kuhusu limita ya kiwandani inayozuia gari ipite kilomita 180 kwa saa. Inaweza kutolewa, ni namba moja tu kwa meza, lakini mimi siitoi kwa gari ya barabarani, na sheria yetu ni 110. Ukitaka kukimbia kuna mashindano yenye marshali na ambulensi, nitakutyunia na nitakuja kukupungia mkono.

Basi tusogee kwa ile nyeupe. Kompyuta yake bado haijaguswa, tumeunganisha laptopi na skrini kubwa iko pale ukutani, na mwenyewe amekubali mwone IAM yake kabla hatujafanya kitu. Wenye watoto tafadhali wakae nyuma ya ile kamba ya njano, na asisimame mtu nyuma ya gari wakati wa pulu.